Kipande Namba Sabini na Tatu

Mimi naitwa Shamira, na kama ungekuwa unaishi Kasese, huku mpakani na Kongo, mwaka ule wa 2014, sauti yangu ungeijua hata kama sura huijui. Ndiye mimi niliyekuwa nasoma matangazo ya vifo redioni, kwa Kiswahili, saa saba mchana na saa moja jioni, baada ya ule muziki wa kinanda ambao ukianza tu watu wanaacha kutafuna. Asubuhi nauza vitenge sokoni, mchana nakwenda kuwaambia watu nani katangulia. Kazi halali, msinicheke. Ila marafiki ilinikosesha. Muuza chapati ananiambia, "Dada Shamira, chukua yako uende, na jina langu usilitaje hata kwa mchezo." Hata mume wangu Musitafa, dereva wa lori la saruji, alinikataza nisimwite jina lake nyumbani. Nimwite Baba Huzaifa, basi. Mwanaume mzima, kifua kile!

Mwezi wa pili walikuja studio watu watatu na viatu vya matope. Wakasema wao ni Chama cha Kumbukumbu za Wachimba Madini. Mwenyekiti alikuwa Mzee Onen, Mwacholi mrefu aliyekuja huku kutoka Kitgum akiwa kijana kutafuta kazi ya mgodi, akabaki Kilembe mpaka nywele zikawa nyeupe. Pamoja naye alikuwapo Mwalimu Gidioni, mstaafu wa somo la historia, miwani yake imefungwa kwa uzi, na Mama Vasta, katibu, binti wa mpishi wa wachimbaji. Chama kizima kilikuwa hao watatu na kabati moja. Na kabati lenyewe mto Nyamwamba ulikuwa umelibeba mwaka uliotangulia, siku ile uliposhuka na mawe na miti na kupita katikati ya nyumba za watu. Matopeni waliokota walichoweza: daftari moja, picha kumi na moja zilizogandana, na ubao wa misumari.

Wakaomba kipindi. Meneja wetu, Karuhanga, akawatazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wazee wangu, historia nani atasikiliza? Watu wanataka mpira."

"Wasiposikia wataijuaje?" akajibu Mama Vasta, na mdomo aliubinua.

Akawapa robo saa, Jumamosi, mara tu baada ya vifo. Si kwa huruma. Hapo hakuna mfanyabiashara anayetaka sabuni yake itajwe, karibu na marehemu, kwa hiyo palikuwa wazi.

Jumamosi tatu Mwalimu Gidioni alizungumza. Nasema alizungumza kwa heshima tu. Alisoma tarehe kama mtu anayechambua maharage: mwaka huu shaba, mwaka ule reli, mwaka mwingine bei ilishuka. Shafik, fundi wetu wa mitambo, alilala kwenye kiti mpaka akakoroma, na mkoromo ukaenda hewani. Simu ilipigwa moja tu, mtu wa Ibanda akiuliza muziki unaanza saa ngapi. Karuhanga akasema: Jumamosi moja nyingine, halafu nafasi nampa mganga wa mitishamba.

Ijumaa yake, Mzee Onen alinijia sokoni amebeba gunia. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa ule ubao akauweka juu ya vitenge vyangu. Nikataka kumgombeza, vitenge vipya vile! Lakini aliushika kama mtoto mchanga, nikamsogezea nafasi.

"Mama, hii ndiyo ubao ya Namba Tatu," akasema.

Namba Tatu ulikuwa mgodi mdogo wa mtu binafsi huko juu ya Bugoye. Si ule mkubwa wa Kilembe, na mwenyewe alikufa zamani pamoja na mgodi wake. Onen alikuwa karani wa mlangoni. Akanieleza kazi ilivyokwenda. Kila mchimbaji alikuwa na kipande chake cha shaba, duara, kina tundu na namba. Akiingia chini anakitoa kwenye msumari anakwenda nacho mfukoni. Akitoka anakirudisha. Zamu ikiisha karani anaita namba moja moja, mtu anajibu "Nje!", karani anatazama ubao. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu bado yuko chini.

Nikautazama. Misumari ishirini na sita, ya zamu moja tu. Vipande ishirini na tano, vimefungwa waya ndiyo maana mto haukuvichukua. Msumari mmoja ulikuwa mtupu, na chini yake imeandikwa kwa rangi nyeupe: 73.

"Ilikuwa mwaka sabini na moja, mwezi wa kumi na moja," akasema Mzee Onen. "Maji ilikuwa inapanda chini, wakaamua ile njia ya chini ifungwe na mawe na saruji. Siku hiyo hiyo, zamu ikitoka. Mimi naita namba. Wote wanasema nje, nje, nje. Nikaita sabini na tatu. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Mara ya tatu nyapara akanipigia kelele: karani, mvua inakuja, huyo amepoteza kipande kama wengine, andika! Na mimi nikaandika. Nilikuwa kijana ya miaka ishirini na mbili. Nikaandika: wote nje."

Soko lilikuwa na kelele zake zote na mimi sikusikia hata moja.

"Wakafunga ukuta. Kesho yake sabini na tatu hakuja. Kesho kutwa hakuja. Jumapili nilikwenda pale ukutani peke yangu, nikaweka sikio."

"Ukasikia nini, Mzee?"

"Maji." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na hakuna mtu alikuja kumuuliza, mama. Hata ndugu. Hata mke. Mimi nilingoja waje wanishike. Mwezi, mwaka. Hakuna mtu. Nikasema, maskini, huyu alikuwa peke yake duniani."

Wallahi! Mimi vifo nimevisoma kwa mamia, na kila kimoja kilikuwa na wenyewe: mjane fulani, watoto fulani, kaka wa Bugoye, shangazi wa Katwe. Hiki hakikuwa na mtu ila mzee huyu wa kabila lingine, kabeba ubao miaka arobaini na mitatu.

Daftari, kwenye namba sabini na tatu, lilionyesha jina moja na mahali: Tsongo, Bwera. Nikamuuliza kwa nini asiende Bwera, si mwendo wa saa mbili tu? Akasema alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alishuka Kikorongo, njia panda, akapanda gari la kurudi. Mara ya pili alifika Bwera kabisa, akanywa soda, akarudi.

"Watoto yangu wamejenga nyumba Kitgum, wananiita. Mimi nasema kesho, kesho. Nitarudi kwetu namna gani, na mtu nimemuacha ndani ya mlima? Nataka ndugu yake mmoja tu. Nimwambie ni mimi. Afanye anachotaka."

Basi tukapanga. Jumamosi ile ya mwisho nisome mimi, si Mwalimu, na nisome majina yote ishirini na sita. Nilijua kwa nini yote: aliona haya kumtaja mmoja peke yake, akamficha katikati ya wenzake. Mwalimu Gidioni aliandika karatasi safi kabisa: "Tunawatafuta ndugu wa wafuatao, waliofanya kazi Namba Tatu mwaka 1971."

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilimaliza vifo vya siku ile, vinne. Nikaingia kwenye karatasi ya chama bila hata kunywa maji. Sentensi ya kwanza niliisoma kama ilivyo. Lakini Mzee Onen alikuwa amekaa mbele yangu, kichwa chini, ubao magotini, na mimi moyo umenijaa. Nilipofika kwenye majina sauti ikashuka yenyewe, ile sauti yangu ya kazi, na mdomo ukaenda njia uliyoizoea: "Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki wa Muhindo wa Bugoye... Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki wa Tsongo wa Bwera..." Shafik akazinduka usingizini, akasikia sauti hiyo, akadhani bado tuko kwenye vifo. Akaweka kinanda.

Na sisi tuliokuwa ndani hatukugundua! Mama Vasta alikuwa analia. Mwalimu alivua miwani. Tukatoka tumeshikana mikono, tukasema hiki ndicho kipindi.

Saa tisa simu zikaanza. Saa kumi Shafik hakuwa na mkono wa tatu wa kuzipokea. Saa kumi na moja getini palikuwa na mzee mkavu, jembe begani, udongo mpaka magotini, anataka kuonana na aliyemuua.

"Mimi ndio Muhindo ya Bugoye!" akapiga kelele. "Nimetoka kwa muhogo yangu nakuta nyumbani moto imewashwa, watu wamejaa, wakwe wanagawana kuku yangu. Kuku yangu mimi! Nani amesema nimekufa?"

Karuhanga akanigeukia polepole.

"Shamira. Umeua watu ishirini na sita kwa robo saa."

Kwetu tangazo la kifo halingojei uthibitisho. Redio ikisema, majembe yanawekwa chini kijiji kizima, hakuna wa kulima mpaka maiti izikwe. Kuni zinaletwa, moto unawashwa uani, mabenchi yanatoka kanisani. Ikawa hivyo Bugoye, ikawa hivyo Ibanda, na hao wote walikuwa wamefikiwa na sauti yangu. Nilisoma miaka sita na sikuwahi kuliona hilo. Niliona mikrofoni tu, ukuta na saa. Jioni ile nilisimama getini nikiwatazama wanavyokuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki watu watatu watatu, nikaogopa kinywa changu mwenyewe.

Usiku huo huo ikaja habari kwamba msiba mkubwa kuliko yote uko Bwera, kwa kina Tsongo. Mzee Onen alipoambiwa alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Yuko na ndugu," akasema. "Alikuwa na ndugu."

Jumapili asubuhi Karuhanga alituamuru twende Bwera tukaombe radhi. Musitafa akatupakia kwenye lori, mimi na Mzee Onen mbele. Mzee alivaa suti, pengine ile aliyoolea, na ubao kaupakata. Tulipofika Kikorongo akanyoosha kidole: "Hapa ndipo nilishuka ile mara ya kwanza." Musitafa, ambaye kwa kawaida hapunguzi mwendo hata kwenye matuta, akapunguza mpaka njia panda ikatupita.

Tukaingia uani kwa kina Tsongo. Subhanallah! Nyumba moja ya mabati na watu wasiopungua mia tatu. Moto katikati, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye majani ya migomba wanaimba wimbo wa Kikonzo kwa sauti za chini, zilizochoka. Wameshinda hapo tangu jana. Mbuzi wawili walikuwa wamechinjwa. Wote hawa kwa karatasi moja niliyoisoma vibaya.

Wakatuonyesha dada wa marehemu, Enid, mama mwenye umri, kitambaa kimefungwa kiunoni. Kabla sijafungua mdomo Mzee Onen alishapita mbele yangu. Akapiga magoti, na suti ile, kwenye majivu. Wimbo ukakatika.

"Mama," akasema, "mimi ndiye karani. Mimi ndiye niliandika amekwisha kutoka, na hakutoka. Walifunga ukuta, mimi nikanyamaza. Ndugu yako amelala kule kwa sababu ya kalamu yangu. Nimekuja. Fanyeni mnachotaka."

Enid alikaza kitambaa kiunoni.

"Ukuta gani?"

"Ya mgodi, mama. Namba Tatu."

"Unasema alikufa mwaka gani?"

"Sabini na moja."

"Mzee," akasema Enid, taratibu, kama anayesema na mgonjwa, "Tsongo alikuja hapa Krismasi iliyopita. Alikaa pale ulipopiga magoti. Alikula mbuzi mpaka tumbo likamuuma."

Mzee Onen hakuelewa. Niliona kabisa neno linamgonga na kuanguka. Akageuka kunitazama, akamtazama tena Enid.

"Yeye anaishi Kongo, huko ng'ambo," Enid akaendelea. "Alihamia zamani. Sisi tumesikia redio tukasema amekufa huko, labda wa Kasese wamepata habari mbele yetu. Simu yake haipatikani. Jana tumetuma wanaume watatu wavuke wakalete maiti. Sasa mnasema alikufa mgodini? Ni nani aliyewaambia amekufa?"

Hapo watu mia tatu wakanigeukia mimi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si yule mwenyewe, sauti ya vifo?" Nilitamani ardhi ipasuke nijitumbukize. Nikaanza kusema samahani, nikaanza na salamu, nikarudi kwenye samahani. Sijui ningemalizaje.

Lakini upande wa barabara kelele ilipanda. Mwanamke mmoja akapiga yowe akakimbilia migombani, na wengine nyuma yake, wameacha viatu. Nikatazama. Wale wanaume watatu waliokwenda kuleta maiti walikuwa wanarudi. Hawakubeba maiti. Walikuwa wanacheka, nao walikuwa wanne.

Wa nne alikuwa mzee mfupi, kofia ya sufu, fimbo mkononi, hasira imemjaa.

"Nani alisema nilikufa?" akauliza uani. "Miye niko muzima! Batu banakuya kwangu na sanduku, bibi yangu anaanguka chini. Iko namna gani hii? Nani alisema?"

Waliobaki uani walikuwa wamefunika midomo. Mimi nimezaliwa Mwislamu, naamini kufufuka, lakini nilidhani siku yenyewe bado, na sikudhani itaanzia Bwera. Nikamshika Musitafa mkono.

Mzee Onen aliinuka kutoka kwenye majivu. Hakumwita kwa jina. Alisimama wima kama alivyosimama mlangoni akiwa kijana, akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Sabini na tatu!"

Yule mzee alisimama pale pale. Hasira ikamtoka usoni. Mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, nakuambia wenyewe, hakuutuma, ukatoka na ufunguo wa nyumba. Ufunguo ulikuwa umefungwa kamba, na kamba ilikuwa na duara la shaba, jembamba, limelika kwa kushikwa.

"Weye nani?" akanong'ona.

"Karani."

Wakatazamana. Halafu Tsongo akaanza kusema, na yote yalitoka kwa mkupuo. "Mama yangu alikufa kule Mutwanga, Kongo. Barua ilifika asubui. Nikaomba nyapara ruhusa, akakatala. Basi nikaingia chini na benzangu, nikapita kwa ile tundu ya upepo, nikapanda mulima, nikaenda kuzika mama. Nikasema nitarudi kesho. Alafu nikaona kipande iko na miye. Nikaogopa, watasema niliiba. Nikabakia kule. Kila siku nikifungua mulango ninaona hii namba. Lakini nilisema, batu beko mingi kule, nani atajua kama mutu moja haiko?"

"Mimi nilijua," akasema Mzee Onen.

"Ulijua?"

"Kila siku. Nilikuja kusikiliza kwa ukuta. Miaka arobaini na tatu mimi ninakuzika."

Tsongo alivua kofia. Naye, kumbe, alikuwa amejihesabu mtu wa kutoulizwa, ameondoka duniani pale pasipo hata mmoja kugeuza shingo. Ndugu zake hawakwenda kumuuliza mgodini kwa sababu walijua yuko Kongo mzima. Na kimya chao ndicho kilichomkaba Mzee Onen maisha yake yote.

"Na miye sijue hata jina yako," akasema Tsongo.

"Onen."

"Onen," akarudia, kwa uangalifu.

Mzee Onen alimkamata kola kwa mikono miwili, na kwa jinsi alivyomtikisa nilidhani anampiga. "Miaka arobaini na tatu!" akapiga kelele. "Na wewe unakula mbuzi!" Halafu mikono ikateremka mabegani, ikashuka mpaka viganjani, inambonyeza, inamkagua kama daktari. Akaanza kulia kwa sauti, bila aibu, na Tsongo naye. Na mimi. Na Musitafa pia alilia, ingawa mpaka leo anasema ni moshi.

Enid ndiye aliyetuokoa. Akasema mbuzi wameshapikwa, na chakula cha matanga hakirudishwi jikoni kwa sababu marehemu amekuja mwenyewe. Tukala. Tsongo alikaa katikati ya waombolezaji wake, na watu walikuja mmoja mmoja kumgusa mkono, hata wale waliokimbilia migombani.

Jumamosi iliyofuata Karuhanga hakumpa mganga nafasi. Alihamisha vifo, akawapa chama saa nzima. Barabara mbele ya kituo ilijaa, watu wameweka redio madirishani na juu ya pikipiki. Katika wale ishirini na sita, saba walikuwa hai, na saba wote walikuja. Waliokufa waliwakilishwa na watoto wao, wengine na wajukuu. Muhindo wa Bugoye alikuja bila jembe, na kuku mmoja wa zawadi, chini ya kwapa, ndani ya studio.

Nilisoma tangazo ambalo sijawahi kusoma. "Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki. Tsongo wa Bwera yuko hai." Kisha nikamsogezea Mzee Onen mikrofoni. Shafik alikuwa macho, mikono kaiweka mbali kabisa na kinanda.

Mzee akauweka ubao wima mbele yake, akafungua lile daftari lililotoka matopeni, akaita namba. Moja moja, kama zamani. Aliye hai alijibu "Nje!" Aliyekufa alijibiwa na mwanawe: "Nje!" Mwanamke mmoja alijibu kwa niaba ya babu yake, akashindwa kulimaliza neno, akalirudia. Huko barabarani nao wakaanza kujibu kila namba, kwa mamia, mpaka kioo cha studio kikawa kinatetemeka. Nimekuwa redioni miaka mingi, sijawahi kuisikia nchi ikijibu.

Sabini na tatu aliiacha ya mwisho. Barabara nzima ikasogea karibu na redio.

"Sabini na tatu."

Tsongo alikuwa ameshafungua kamba ya ufunguo. Alisogea, akakitundika kipande kwenye msumari wake, kikalia kidogo kilipogonga ubao.

"Nje," akasema.

Nilidhani Mzee Onen ataandika maneno mapya. Hakuandika. Alinionyesha ukurasa wa mwaka sabini na moja, wino umevuja kwa maji ya Nyamwamba lakini unasomeka: *Wote nje.* Akatoa kalamu, akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa nane na dakika kumi. Akatia saa na sahihi chini ya maneno yale ya zamani, akalifunga daftari, akampa Mama Vasta.

Jumanne tulimsindikiza Mzee Onen stendi, anarudi kwao, chama kizima, na Tsongo akiwa na mfuko wa maparachichi ya njiani. Basi la kwenda Kitgum kupitia Kampala lilichelewa kuondoka. Nilichungulia dirishani nimpungie mkono mara ya mwisho, na Mzee Onen alikuwa ameshalala.